Ngozi Iliyomshinda Mdogo Wangu

Mdogo wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Randa, anatengeneza banjo kwa mikono yake. Nimeapa mara nyingi kwamba sitamsema kwa wema. Lakini kwenye mbao nimsingizie nini? Mteja akija kuagiza, Randa humwambia aweke kiganja cha kushoto juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, naye hukizungushia penseli kidole kwa kidole. Halafu huichonga shingo ya banjo ifuate kiganja hicho. Karatasi zenyewe amezipigilia ukutani, viganja thelathini na kitu, kama watu waliosimamishwa na polisi.

Mbao alifundishwa na baba. Mimi baba hakunipeleka shule wala hakunishikisha patasi. Alinipa ndoo na ngozi za mbuzi, kwa sababu zilinuka. Miaka kumi na saba nilizikwangua manyoya, nikaziloweka, nikazifunga kwenye duara la mbao, pale banjo inapotolea sauti. Baba alipofariki, baba zetu wadogo walikaa kikao wakasema karakana ni ya mtoto wa kiume, mimi nina mume. Mume mwenyewe alikuwa ameshaondoka, na redio yangu juu. Randa alikaa pale akichokoa kucha. Hakutia neno. Nikaenda kufua nguo za watu, na mpaka leo nafua.

Yeye akawa anampelekea fundi mmoja wa ngoma kazi ya kufunga ngozi. Mwaka huu fundi huyo akahama mji, Randa akabaki na mbao nzuri zisizo na sauti.

Bahati mbaya ilimkuta akiwa na kazi ya mpigaji mmoja ambaye mashine ya kiwandani ilimla vidole viwili vya mkono wa kushoto. Mafundi wengine walishamwambia mtu huyo atafute ngoma. Randa alikichora kiganja chake, akakaa nacho wiki nzima, akabuni shingo nyembamba yenye nyuzi nne ambayo vidole vilivyobaki vingeifikia yote. Bendi ilimpa mpigaji mpaka Jumamosi, baada ya hapo nafasi yake ingekwenda kwa mwingine. Ngozi ya kwanza ikapasuka. Ya pili nayo ikapasuka.

Maji yalipomfika shingoni, akaja kwangu, Jumatatu asubuhi. Nilikuwa uani na shuka mbichi mkononi. Sikumkaribisha, nilimpa ncha moja ya shuka tukamue. Alivyoinyonga kwa nguvu zote nikajua alichokosea, lakini nikamwacha aeleze mwenyewe. Alikuwa akiikaza ngozi ingali na maji mpaka ilie vizuri. Sasa ngozi ikikauka hujivuta yenyewe. Ukiwa umeshaimaliza mvuto, itaponea wapi?

Nikamwambia, "Sigusi kitu mpaka unijibu. Siku ya kikao, ulijua nani alikuwa akifunga ngozi za baba?"

Aliitazama shuka.

"Nilijua, dada. Niliogopa wakisikia watasema mimi kazi siijui."

"Na kweli ulikuwa huijui."

"Na bado siijui."

Nilikuwa na maneno ya miaka sita, nimeyapanga vizuri. Badala yake nikaianika shuka. Alikuwa amekonda, mashati ya baba yanamning'inia, na siku ile ya kikao, nikisema ukweli, alikuwa na miaka kumi na tisa.

Nikaloweka ngozi siku hiyo hiyo. Jumanne nikaifunga ikiwa imelegea kama shavu la bibi. Randa akaigonga, ikatoa mlio wa pwaa, uso ukamshuka. Siku tatu alizunguka meza kama kuku anayetaka kutaga, na kila aliposhika bisibisi nilimpiga kofi mkononi. Ijumaa ngozi ilikuwa imejivuta yenyewe. Nikakaza skrubu kidogo kidogo, moja ya huku, kisha ya upande wa pili inayoikabili, mpaka ikaitika.

Jumamosi mpigaji aliipakata, akapitisha vidole vyake vitatu kwenye shingo bila kupiga, mara mbili. Kisha akapiga. Alipiga muda mrefu. Alipoondoka kwenda kwenye bendi yake alisahau kofia, akairudia akicheka.

Lakini kabla hajaondoka, Randa alikuwa ameigeuza banjo, akaandika jina lake mwenyewe ndani ya duara kwa patasi, kama baba alivyokuwa akifanya. Chini yake akaandika langu, kwa penseli. Mpigaji akauliza huyu wa pili ni nani.

"Dada yangu," Randa akasema. "Ngozi zote nzuri za karakana hii ni zake, tangu enzi za baba."

Nilisikia vizuri. Shule sikwenda, lakini jina langu nalijua, na najua pia kwamba penseli hufutika. Nikaichukua patasi mezani, nikamrudishia.

"Chonga," nikamwambia.

Akachonga.