Maji ya Udhu kwenye Karavani

Mimi ni mtu wa ubishi, sikatai. Mke wangu anasema nikikosa mtu wa kubishana naye nitabishana na redio, na kweli imeshatokea. Lakini katika ubishi wangu wote hakuna ulionipeleka mbali kama ule wa hita za maji za kwenye karavani. Ulianzia kazini, ukanifuata mpaka nyumbani, na nusura unikoseshe mama yangu.

Nieleze kwanza. Mwaka wa kumi na kitu sasa nafanya kazi kwenye karakana ya karavani huku kusini mwa Johannesburg. Watu wa nchi hii wanazipenda sana hizi nyumba za magurudumu. Mtu anaifunga nyuma ya bakkie yake, yaani pikapu, humo ndani mna kitanda, jiko, sinki na kibafu, na likizo ikifika anaivuta mpaka pwani na familia yote. Kazi yangu mimi ni gesi na maji. Sasa hita za maji ziko za namna mbili. Moja ina tangi: inachemsha lita kama ishirini, inakaa nazo, ukifungua bomba unazikuta tayari. Hiyo pale kazini tunaiita pipa. Nyingine haina tangi. Ni kisanduku tu ukutani, kimetulia zake. Ukifungua bomba, maji yakipita ndani yake ndiyo yanayouamsha moto, puf! na yanapata joto hukohuko njiani. Ukifunga, moto unazimika. Hicho tunakiita kiberiti.

Mimi nilikuwa mtu wa kiberiti, tena wa kuapa. Pipa linakula gesi hata wakati wewe umelala, ni zito, na wakishaoga watu wawili wa tatu anatoka na povu masikioni akilaani. Kiberiti kinawaka ukikihitaji, na maji yake hayaishi. Mwenzangu pale karakana, Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa kanisa anayeimba kwaya hata akiwa amelala chini ya karavani, yeye ni wa pipa. "Ndugu yangu," ananiambia, "hii kiberiti yako iko na kiburi sana. Pipa iko na roho muzuri." Namjibu arudi kwenye kwaya yake, mambo ya gesi atuachie wenyewe. Tumebishana hivyo miaka, mchana juu ya sahani moja ya pap, ule ugali wa huku, na maharage, na hakuna siku tumenuniana.

Basi, mama. Baba alipofariki, mama alibaki peke yake kule Tanga, na mimi ndiye mtoto wake pekee. Nilihangaikia karatasi zake za kuja kuishi na sisi mwaka mzima, foleni juu ya foleni, mpaka askari wa mlangoni akawa ananisalimia kama jirani. Zilipotoka, mama hakuruka kwa furaha. Alisema, "Nitakuja nione. Nikishindwa, utanirudisha." Nikakubali, lakini moyoni nilishaapa hatashindwa. Sikuwa tayari kupigiwa simu tena na majirani kwamba mama kaanguka na hakuna aliyejua mpaka asubuhi.

Tunaishi La Rochelle, mtaa wa hapahapa Johannesburg, vyumba viwili vya kupanga kwenye uwanja wa mzee mmoja wa Kireno. Chumba cha mama hakikuwepo. Nikamwomba mzee ruhusa niweke karavani pale nyuma ya nyumba, akakubali. Pale kazini palikuwa na moja iliyotelekezwa na mwenyewe, bosi akaniambia nichukue, nimsaidie kupata nafasi. Nilivyoitengeneza, jamani! Nilibadilisha sakafu, nikaziba kila tundu, mke wangu akashona mapazia ya khanga, na ukutani nikafunga kiberiti kipya kabisa, hakijawahi kuguswa na mtu.

Mama alifika mwezi wa sita, baridi ya Joburg ikiwa imekaza meno. Siku hiyo nilifanya maonyesho. Nilimwita mke wangu, binti yetu, wapangaji wenzetu, na yule Mkongo wangu nikamwalika makusudi, aje aone. Nikafungua bomba mpaka mwisho. Puf! Mvuke ukajaa karavani nzima. "Mama," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "humu ndani hutagusa maji ya baridi tena maishani mwako!" Mama akasema, "Mashallah, mwanangu." Watu wakapiga makofi. Nilivimba, siwezi kuficha.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa mtu mwenye raha kuliko wote Johannesburg nzima. Nikirudi kazini nakuta harufu ya nazi inanipokea getini. Binti yangu amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia lakini anajibu Kiingereza, na mama alimwita Gogo kama watoto wenzake wa Kizulu wanavyowaita bibi zao. Mama akaitika bila taabu. Walikaa wakichambua mchele, mmoja anauliza kwa lugha hii, mwingine anajibu kwa ile, na mchele ulichambuka. Jioni mama alikuja kuoga kwetu ndani, kwa sababu kile kibafu cha karavani alisema ni chembamba mno, ukiinama tu unajigonga. Kule karavani kwake alikuwa anatawadha tu na kusuuza kikombe chake.

Wiki ya tatu nikaona vidole vyake vimepasuka. Akaanza kukohoa. Nikasema ni hewa ya huku, kavu, nikamletea mafuta ya mgando, soksi za sufu na blanketi la pili. Alipokea kila kitu, akashukuru, na akazidi kuwa mkimya. Halafu Jumapili moja, tumemaliza kula, akaniambia bila kunitazama, "Mwanangu, nitafutie tiketi. Nirudi kwangu."

Nikamuuliza kama mke wangu kamkosea. "Mkeo ni mtu na nusu." Mtoto? "Ala! Mtoto ana kosa gani?" Basi ni nini? "Hakuna. Nimekuja, nimeona. Tulikubaliana." Hapo hasira zangu zikanipanda. Nikamwambia mwaka mzima nimesimama kwenye foleni kwa ajili ya wiki tatu? Kuna nini huko Tanga cha kurudia zaidi ya kuta? Nikasema na mengine ambayo siyaandiki hapa. Mama aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akaenda kwake. Mke wangu aliniangalia tu, na ile ilitosha.

Alfajiri yake niliamka kabla ya adhana ya kwenye simu. Nilitaka nimwombe radhi kabla sijaswali, maana niliona swala yangu haitakuwa na uso. Nje majani yalikuwa yameota barafu, yanavunjika chini ya miguu. Taa ya karavani ilikuwa inawaka. Nikasimama mlangoni nikitafuta maneno, nikasikia maji yanadondoka ndani, taratibu. Nikaendelea kusimama. Halafu masikio yangu ya kazi yakashtuka yenyewe: maji yanatoka, mbona moto hauwaki? Puf yangu iko wapi? Nikaweka kiganja kwenye tundu la moshi la kile kiberiti, pale nje. Lilikuwa la baridi, tena baridi ya tangu jana.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia."

Alikuwa kwenye sinki, mikono ya nguo imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Bomba la moto lilikuwa limefunguliwa kidogo tu, maji membamba kama uzi. Nikapeleka kidole changu pale. Eish! Niliutoa mkono haraka. "Mama! Unatawadhia maji haya? Tangu lini?"

Akalifunga bomba kwanza. Nikauliza tena.

"Tangu nije," akasema.

"Na hukuniambia?"

Alikaa kitandani, akaanza kujifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Nilikiharibu, mwanangu. Siku ile umefungua wewe, yalikuja ya moto. Kesho yake nimefungua mie, baridi. Nikasema, nimegusa nini mie? Kila siku nikawa nafungua polepole, nisije nikakiua kabisa. Na wewe ulivyokuwa umefurahi mbele za watu! Nikaona bora niende zangu kabla hujajua. Nisije nikawa mama wa kukuharibia vitu."

Nilikaa sakafuni, palepale penye maji. Wiki tatu, mara tano kwa siku, mama yangu anaosha miguu kwa maji ya barafu kwa ajili ya kunitunzia sifa zangu. Nililia, na sioni haya kusema.

Kiberiti hakikuwa na ubovu wowote. Ndivyo kilivyo: kinataka maji yapite kwa nguvu ndipo kiwake. Maji yakiwa membamba, kinayaacha yapite baridi vilevile yalivyoingia. Wateja nawaambia kila siku wafungue bomba lote. Nikamweleza mama, nikafungua mpaka mwisho, puf, mvuke. Nikamgeukia nikitabasamu, tumeshamaliza shida. Mama akanipita, akalifunga.

"Israfu hiyo!" akasema. "Maji yote hayo, udhu wa mtu mmoja? Hata ungekuwa umekaa mtoni hufanyi hivyo."

Nikajaribu kubisha, mazoea. Nikasema maji ya hapa ni ya bomba, si ya kuchota. Nikasema watu wote wanafungua hivyo. Hakubishana na mimi. Alitikisa kichwa tu, na nikajua hata nikikesha hapa, mkono ule hautafungua bomba lile zaidi ya uzi. Na ningeulaumu vipi? Ndio mkono ulionifundisha mimi kutawadha kwa kopo moja nikabakiza, na ukanichapa siku niliyoacha bomba la msikitini linamwagika. Mafundi wote wa nchi hii wangeweza kusamehewa kwa kutolifikiria jambo hilo, lakini mimi?

Kazini nilimsimulia yule Mkongo yote, kichwa chini. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwanza kama mama anakohoa bado. Kisha ndipo akacheka, akacheka mpaka akakalia tairi. "Weye! Ulifungia mama yako mashini ya kufungua maji kama ya kuzima moto!" Nikamwambia acheke amalize. Alipomaliza aliingia stoo, akatoka na pipa dogo alilolishusha kwenye karavani moja ya zamani, ameshalisafisha na kulijaribu. Bosi akaturuhusu tuondoke mapema.

Tulilifunga mchana uleule, wote wawili, mimi nikishika na yeye akikaza. Na sikusema neno hata aliponikosoa kwenye kiungo cha gesi, ambacho alikuwa amekosea yeye. Nilikaza upya alipogeuka. Mama alimletea chai ya tangawizi na vitumbua. Yule Mkongo akamsalimia kwa heshima yote, "Jambo, Mama," na mama, ambaye mtu mzima asipomwamkia huwa hamwitikii, alimjibu "Marahaba" vilevile, akamwongezea kitumbua.

Alfajiri iliyofuata mama ndiye aliyeniita. Nikaingia na koti juu ya shuka. Alifungua bomba kwa vidole viwili, kidogo, kama siku zote. Uzi wa maji ukashuka, na juu yake mvuke. Akaurudisha mkono, akaupeleka tena, akauacha pale. Kisha akachanganya na ya baridi, akatawadha mpaka mwisho bila haraka, na mimi nimesimama nikiangalia miguu ya mama yangu ikioshwa. Alipomaliza alilifunga bomba, akalikaza, akalipapasa lile pipa ubavuni.

"Na hili nikija kuliharibu?"

"Nitalitengeneza, mama. Ndiyo kazi yangu."

"Nikiliharibu tena?"

"Nitalitengeneza tena."

"Na ukichoka?"

"Mama, vunja hata karavani yote."

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Alitandika msala wake, akaunyoosha pembe moja kwa mguu. "Ile tiketi umeshanunua?"

"Bado." Sikuwa hata nimeitafuta.

"Usinunue," akasema, akafunga mtandio wake vizuri. "Na wewe nenda ukaswali, kunakucha."