Zaituni Alijipa Mbili

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, ukungu umeziba madirisha ya chuo hapa Lushoto, nami mwalimu kijana nimekumbatia rundo la madodoso, najiona nimefika. Umeniambia umepewa kazi ya kupima jinsi wanafunzi wanavyoishi na watu wasiofanana nao. Basi kaa nikwambie nilivyoharibu mimi.

Tulikuwa na wanafunzi wa kila rangi: Washambaa wa huku juu, Wahindi wa Tanga, Wazungu waliohamia karibuni na wazazi wao, na watoto wa wafanyakazi wa mashamba ya chai. Ikatokea nafasi moja ya kwenda kusoma muhula ng'ambo, na mkuu wa chuo akataka aende anayejua kuishi na wageni. Nikatunga maswali ishirini. "Ninaelewana na watu wa mila nyingine." "Ninajiamini mbele ya wageni." Kila mtu ajipe alama mwenyewe, moja hadi tano.

Lukas, kijana wa Kizungu, alijipa tano karibu kila mahali. Zaituni, binti wa wachuma chai wa Kwamkoro, alijipa mbili, mbili, mbili, akawa wa mwisho. Nikapeleka matokeo kwa mkuu siku ile ile. Sijui nilikuwa na haraka ya nini.

Aliyenishtua ni Mama Hoza, mpishi wetu, mtu mzima anayeheshimiwa na wote. Nilipomwambia Zaituni ameshika mkia, aliweka mwiko chini.

"Mwalimu, wewe umezaliwa Soni hapo jirani. Lini uliona mtoto aliyelelewa vizuri anajisifu mbele ya mkubwa wake? Umemwomba akose adabu, amekataa, ukamwita hajui."

Niliona haya, nakwambia kweli. Lakini udadisi ulishinda haya. Wiki nzima nikawa naingia jikoni kwa visingizio, mara naomba chumvi, mara naota moto. Nikamwona Zaituni, siku ya zamu yake ya kupakua, akimpakulia Kirti, msichana wa Kihindi asiyekula nyama, kwa upawa wa peke yake, bila kumtangaza. Nikamwona akisimama karibu na Lukas na kumwamkia Mama Hoza polepole, shikamoo isikike vizuri, ili Lukas aifuate asiaibike. Kumbe binti yule alikulia kwenye kambi ya chai, jirani huyu Mbena, yule Mmakonde, na wote walimlea.

Wala usimlaumu Lukas. Kwao kusema unaweza si majivuno, ni kujibu ulichoulizwa. Alama zake na alama za Zaituni hazikuwa za kipimo kimoja. Ni kama madebe ya maharage pale sokoni Soni: hili limesawazishwa mdomoni, lile limejazwa mpaka likafanya kilima, na yote yanaitwa debe.

Nikamwita Zaituni, nikamuuliza kwa nini alijipa mbili. Akatazama chini.

"Mwalimu, hayo wangeulizwa wenzangu. Mimi nitajisemaje?"

Nikawauliza wenzake: ukipata mgeni asiyejua lugha yetu, ungependa akae na nani? Wengi walimtaja yeye, Kirti na Lukas wakiwamo. Nikaenda mbio kwa mkuu. Barua ya kwenda ng'ambo ilikuwa imeshaondoka, na jina lililokuwamo ni la Lukas.

Nilimwomba Zaituni msamaha. Akanijibu, "Yameisha, mwalimu," kwa adabu ile ile. Mpaka leo sijui kama yaliisha.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujagawa karatasi zako, keti na watu wa kila kundi uwasikie swali lako wanalielewaje. Usimwachie mtu ajipime peke yake. Waulize anaokula nao. Na karatasi ikikwambia fulani ni wa mwisho, nenda kamwone kwanza, ndipo upeleke jina. Mungu akupe macho ya kuona na moyo usio na haraka, na asiachwe nyuma mtoto wa mtu kwa sababu ya kalamu yako.