Mawe Kumi na Saba

Juzi mjini niliona saa ya mkono yenye mgongo wa kioo, vijiwe vyekundu viking'aa ndani yake, nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mdogo, Mama alikuwa anaanza unesi, akataka saa ya maana, ya kwanza maishani mwake, ya kuhesabia mapigo ya moyo wa wagonjwa. Kibanda cha fundi wa saa, Kaloleni, kilinuka mafuta ya taa na maganda ya machungwa. Aliyoipenda ilizidi pesa aliyokuja nayo.

"Hii ina mawe kumi na saba, dada," fundi alijitetea.

Kwetu Arusha, mawe ni tanzanaiti. Nilijua tumeshatajirika. Nikaomba aifungue, nikahesabu mara mbili.

"Mama, yapo saba tu."

"Mengine yako chini, dogo," fundi akacheka.

"Mwanangu kaona saba," Mama alisema, hacheki. "Nipe bei ya saba."

Walivutana hadi fundi akachoka, bei ikashuka. Leo najua fundi alisema kweli, na mawe yenyewe ni vijiwe vya kiwandani, vya kupunguza msuguano wa magurudumu ya saa.

Nje nilimuuliza Mama kama alimwamini.

"Nilimwamini," alisema, akijifunga saa yake. "Lakini mwanangu ni wewe."