Njoo Matangani na Chakula Chako

Habari ya kifo cha rafiki yangu mkulima ilinikuta Ruharo, mjini Mbarara, nimekaa kwenye kigoda cha fundi viatu, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mke wake, kwa Kiswahili chetu cha Kivu: "Muzee, bwana yangu amekwenda. Ameanguka mu shamba asubuhi, jembe ingali mu mukono." Nikamuuliza amekwenda wapi. Ndiyo, niliuliza hivyo hivyo kama mjinga, kwa sababu Jumapili iliyotangulia tu nilimwona kwa macho yangu akipanda kilima cha Juru na gunia la mahindi kwenye baiskeli, bila kushuka, tena anapiga mluzi. Mtu wa namna ile unamweka mbali kabisa na kifo. Nilisimama, nikaanza kutembea na kiatu kimoja, fundi ananiita nyuma, "Mzee, soli bado! Mzee!" Soli yenyewe ilikuwa ya tairi la gari. Marehemu ndiye aliyenifundisha kuacha kununua viatu vipya kila soli inapotoboka.

Ninyi mnaonisoma kwenye safu hii mnanijua. Mimi si mtu wa kulia kwenye karatasi. Shule niliishia darasa la pili, nikaingia Uganda na fimbo ya kuchungia tu, ng'ombe wenyewe wamebaki Kivu kwa wale waliowachukua. Nikalima maharage ya watu kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale mpaka nikafungua duka langu mwenyewe Kakiika, na hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba matanga ya mkulima mmoja wa Juru yamenishtua hata leo usingizi wangu haujakaa sawa, msidhani ninatafuta maneno ya kupamba.

Alikuwa mtu wa maharage, mahindi na ng'ombe mmoja wa maziwa. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyokuwa yanamlipia binti yake sekondari Mbarara, na chumvi ya nyumba, na dawa. Watu walimwita bahili. Hata mimi nilimwita hivyo, tena mbele yake, naye alikuwa anaitika. Mara ya kwanza kula kwake nilikasirika. Nilikuwa nimekwenda kununua maharage, jua liko utosini, nikaangalia jikoni: moshi hakuna, moto hakuna, majivu yamepoa. Nikasema moyoni, huyu leo atanilaza njaa. Yeye akaketi kwa raha, akamwambia mkewe, "Mama, mulete ule mugonjwa." Mke akaingia chumbani, akatoka na kikapu kikubwa kimefunikwa blanketi kuukuu mpaka juu, kama mtu mwenye homa. Wakafunua blanketi, wakafunua majani makavu ya ndizi, katikati pana sufuria. Maharage laini, ya moto hata kidole hakikai. Nikamuuliza ni uchawi gani huu.

"Hakuna uchawi, Muzee. Yamelala mu maji tangu jana. Leo asubuhi yakachemka kidogo, tukayalaza mu blanketi, yakajipika yenyewe."

"Na hizo kuni ulizobakiza unampelekea nani?"

Akanionyesha mkewe kwa kidevu. "Kuni ni miguu ya huyu. Kila kijiti ninachochoma, yeye njo amekwenda kukitafuta fasi ya mbali. Wewe unaona ninachunga kuni. Mimi ninachunga miguu."

Nikala. Na nilipofika nyumbani Kakiika nilimwambia mke wangu atafute kikapu, akaniuliza kama nimepata homa, lakini hadi leo makaa yetu yanakwenda nusu ya yalivyokuwa yanakwenda. Ndivyo alivyokuwa yule bwana. Sabuni aliinunua na majirani zake: wanamtuma mmoja Mbarara kwa zamu, analeta katoni nzima, wanakata miche kwa waya na kuianika chini ya kitanda mpaka iwe ngumu kama mfupa, maana sabuni mbichi inaishia kwenye maji badala ya kwenye nguo. "Nauli moja, nyumba mingi," alikuwa anasema. Nyanya zikiwa tele na bei imeanguka, wengine wanazila na kuzitupa, yeye anazikata na kuzianika juu ya bati. Sokoni hakwenda na njaa. Anakunywa uji kwanza, anasema tumbo tupu halijui kuuliza bei. Mambo madogo kabisa. Mtu aliyesoma atayacheka, na mimi ambaye sikusoma niliyacheka pia.

Lakini kuna siku alisema jambo ambalo halikuwa dogo. Tulikuwa kwenye matanga ya jirani yake mmoja, baba wa watoto wadogo. Mnajua tunavyofanya. Mtu akifa, tunakuja. Tunakaa. Tunakula. Tunalala, tunaamka, tunakula tena, na mfiwa anatafuta cha kutupa. Pale waliliwa mbuzi wote, kisha yakaletwa maharage, sufuria baada ya sufuria. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi karibu na yule bwana bahili na kaka yake mkubwa, yule mzee wa koti jeusi ambaye haonekani bila koti hata wakati wa jua kali. Yule bwana akachukua harage moja kwenye sahani yake, akalitazama, akasimama.

"Ndugu zangu, hii tunayokula ni mbegu. Ninaijua, mimi mwenyewe nilimugawia. Mama huyu atapanda nini mvua ikinyesha?"

Kisha akaendelea: "Mimi nikikufa, kila mutu akuye na chakula yake. Munizike, muimbe, murudi kwenu. Ngombe yangu musiiguse."

Kaka mtu ndiye aliyemjibu. "Mudogo wangu," akasema, "wewe hata kufa unataka kwa bei ya chini!" Basi, tukacheka wote mpaka wengine wakashika mbavu, na watu wakaendelea kula mbegu. Mvua iliponyesha, yule mjane alionekana akipalilia mashamba ya watu ili apewe bakuli la maharage. Maharage ya aina ile ile tuliyokula kwake.

Sasa rudini nami kwenye kifo hiki. Nilifika Juru nimevaa suti, kama desturi, mikono mitupu, kama desturi. Mazishi yalikuwa mazuri, kwaya iliimba, mchungaji akasema maneno yake. Tuliporudi nyumbani kwa marehemu ndipo nilipoanza kutazama huku na huku. Hakuna mafiga uani. Hakuna sufuria kubwa ya kuazima. Majirani wa karibu, wale wa sabuni, walikuwa wamekuja na sahani zilizofunikwa, na kikapu cha blanketi kilikuwa kimeletwa nje kama mgeni wa heshima. Wale wengine wote, wa mbali na wa mjini, tulikuwa tumekaa na mikono yetu magotini tunasubiri. Minong'ono ikaanza. Mmoja akasema, "Hata leo?" Mwingine akasema, "Huyu amekwenda kaburini, ubahili wake ameurithi mjane."

Kaka mtu akainuka na koti lake. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mti alipofungwa ng'ombe, akafungua kamba, akaishika. Vijana wawili wakasimama nyuma yake na panga ambalo, nilivyoliona linavyong'aa, lilikuwa limenolewa kabla ya mazishi. Hilo lilinishtua kuliko yote. Mtu hajafika kaburini, panga lake la matanga limeshanolewa.

"Shemeji," akamwambia mjane, "mudogo wangu alikuwa mwanaume. Mwanaume hazikwi na sahani za majirani. Tukate hii ngombe, batu bakule, heshima ikae."

Mjane alikuwa ameketi kwenye mkeka. Hakuinua sauti. "Kaka, alisema nini mbele yenu?"

"Ah, alikuwa anacheka!"

"Mulicheka ninyi. Yeye hakucheka."

Binti yao, yule wa sekondari, alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya shule kwa sababu hakuwa na gauni jeusi wala la heshima, anatazama ile kamba mkononi mwa baba yake mkubwa. Kila mtu pale alijua ng'ombe akianguka, sare ile inageuka nguo ya shambani. Kaka mtu akanigeukia. "Muzee wa Kakiika, wewe uko mutu mukubwa. Sema!" Mimi, mwenye maneno ya kila jambo, mimi ninayewaandikia ninyi humu na kuwagombeza bila woga, nilifungua mdomo ukatoka hewa.

Mjane hakunisubiri. Aliinuka, akachukua chombo chao cha mti cha kukamulia, akaenda kwa ng'ombe huyo huyo ambaye shemeji yake ameshika kamba yake. Saa ya kukamua ilikuwa imefika kweli, ndama alikuwa analia. Akachuchumaa na nguo zake za msiba, akakamua. Watu wote wa uwanja ule tulisikiliza maziwa yakigonga chombo. Vijana wa panga walirudi nyuma, maana nani atasimama na panga juu ya mwanamke anayekamua? Alipomaliza akamimina kwenye kikombe, akakileta kwa kaka mtu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. "Kaka, kunywa. Ni ya nyumba ya mudogo wako."

Msomaji ambaye si mfugaji nimweleze, asipotee. Kwetu, tangu mababu, maziwa na nyama havikutani tumboni siku moja. Ukinywa maziwa, nyama unaiacha mpaka kesho, la sivyo, wazee walisema, unawakausha ng'ombe. Vijana wa leo hawajali, wanachanganya tu. Lakini mzee wa koti jeusi ni mzee wa zamani. Akinywa, hali nyama leo, na mkubwa wa msiba asipokula hakuna wa kuchinja. Akikataa, amekataa maziwa ya nyumba ya ndugu yake siku ya kumzika, mbele ya mjane aliyeinama, na tusi hilo kwetu haliondoki hata kwa kafara. Na zaidi ya hapo, maziwa ya heshima hayapokelewi kwa mkono mmoja. Nilimwona anatazama kikombe, anatazama mkono wake wenye kamba. Kisha akaiachia kamba ikaanguka mavumbini, akapokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema huku anafuta mdomo na mkono wa koti, "leo umetukamua sisi." Akaketi chini palepale, akalia kama mtoto, na hapo ndipo nilipotambua kwamba mazishini hakuwa amelia. Kikombe kikaja kwangu, nikanywa. Kikazunguka kwa wazee wote. Kabla jua halijazama tulikuwa tumekwenda zetu na njaa zetu. Kesho yake, nimeambiwa, kaka mtu alirudi na baiskeli, debe la mahindi nyuma, akaliweka mlangoni mwa mjane bila kusema neno.

Nimefikiri sana juu ya lile debe. Wazee wetu huko milimani hawakuwa wajinga. Kule mtu akifa, watu walikuja na pombe vichwani, na maharage, na maziwa ya nyumba zao. Mfiwa alikaa, wakamlisha. Sisi tulipokimbia tulivuka mpaka na nusu ya desturi. Tulibeba mdomo, tukasahau mikono. Halafu tunaiita hiyo nusu heshima. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; ndiyo maana tunaukalia. Na mimi nakwambia wewe unayesoma: unaweza kuloweka maharage, kuanika sabuni, kushona soli ya tairi na kupanda baiskeli badala ya bodaboda mwaka mzima, na kila ulichookoa kikaliwa siku chache na watu waliokuja kukulilia. Hakuna tundu kubwa kuliko hilo kwenye mfuko wa masikini, na sisi wenyewe ndio tunaolitoboa.

Yule bwana aliliona, na akafanya kitu ambacho wenye akiba wengi hawafanyi: alisema mapema, kwa sauti, mbele ya watu, akakubali kuchekwa. Asingesema, mkewe angesimama na nini siku ile? Kuweka akiba peke yako chumbani ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuwaambia wanaokuja kuila.

Basi nimewaita mke wangu na wanangu hapa Kakiika, nikawaambia: siku yangu ikifika, kila mtu aje na chakula chake, duka lisifungwe wala rafu zisiguswe. Wakacheka. Wakacheka vilevile kama sisi tulivyocheka kwenye lile benchi. Kwa hiyo naliandika hapa, ninyi nyote mwe mashahidi. Njooni, imbeni, semeni na mabaya yangu kama mnayo. Atakayekuja mikono mitupu, mke wangu nimeshamwambia: kikombe cha maziwa kimkute mlangoni.