Kalisti na Moto wa Mabua

Mnanisumbua bure. Nilishasema macho yangu hayafuati mstari, na mkono huu umezoea jembe. Lakini huyu Happiness wa redio neno hapana halijui. Kila akija ni "Bibi, si uandike habari za Kalisti?" Haya, naandika hivi hivi nilivyoishia darasa la pili, na mtu asinisahihishe.

Kalisti ni mtoto wa mdogo wangu Theopista, sisi ni Wapimbwe wa kitongoji cha pembeni, upande wa Usevya. Ujana wake alihamia Mpanda mjini, Kashaulili, akapata kazi kwenye banda la video: kushika maiki na kutafsiri sinema za Kihindi. Kihindi chenyewe hakujua hata salamu. Lakini alitoa sauti zote, ya baba mkali, ya bibi harusi, ya jambazi, mpaka ya ng'ombe. Watu walijaa hadi mlangoni.

Kulikuwa na mwigizaji mmoja Mhindi ambaye Kalisti alimpenda kuliko wote. Mhindi huyo alianza kwa kupigwa tu, kila sinema anakufa mapema. Baadaye akawa mchekeshaji, akawa hakimu, akawa baba wa kulialia. Mwisho akawa anaandika mwenyewe, anaelekeza mwenyewe na kuigiza humo humo. Kalisti aliijua kazi yote ya mtu yule kama wengine wanavyojua ukoo wao.

"Mama mkubwa," alikuwa ananiambia, "mtu mmoja kazi tatu! Na mimi nitatoa yangu, ya kwetu."

Simu kubwa zilipoingia, kila mtu akawa na banda lake mfukoni. Banda likafungwa. Kalisti akarudi nyumbani, akauza jaruba la mpunga alilorithi, akanunua simu yenye kamera nzuri. Sinema akaiandika yeye, akaielekeza yeye, na yeye ndiye mtoto aliyepotelea machimboni akarudi kumkuta mama amekufa. Mama akawa mama yake mwenyewe. Theopista alifurahi kama msichana, anajifunza kufa kitandani huku anacheka.

Hapo ndipo Kalisti alipojiharibia. Miaka yote ile bandani, kila msiba wa Wahindi maiti inalazwa juu ya kuni, na mtoto wa kiume anawasha moto. Aliona hivyo mpaka kwake msiba usio na moto haukuwa wa sinema. Hakukumbuka kwamba kwetu anayechomwa moto ni mtu aliyeitwa mchawi, na waliomchoma ni wauaji.

Akafunga mabua ya mahindi kwenye shuka jeupe, akayalaza juu ya kuni. Theopista akakaa nyuma ya kichuguu na sanda yake, anasubiri. Jirani yao Elia akashika simu. Kalisti akawasha moto, akalia kilio kile cha Kihindi, anajipiga kifua.

Vijana wa Kisukuma waliokuwa wanapitisha ng'ombe wakaona. Yowe likapigwa. Sungusungu, walinzi wa kitongoji, wakaja na marungu, mbele yao kamanda Luhende.

"Nyie! Mnamchoma nani hapo?"

Kalisti, machozi usoni, bado yumo ndani ya sinema, akajibu, "Mama yangu!"

"Mama yako?"

"Hapana, mzee, ngoja! Ni mabua!"

"Mabua yanavishwa sanda, we mpumbavu?"

Rungu likatua. Theopista kusikia mwanawe anapigwa, akachomoka nyuma ya kichuguu na sanda mwilini. "Mwacheni! Mimi hapa!"

Hee! Nani alibaki? Luhende mwenyewe aliacha viatu. Nikivikumbuka viatu vile nacheka, halafu nanyamaza.

Maana wao hawakucheka. Walikaa kikao, wakashikilia kwamba mtu alichomwa, wakawatenga Kalisti na mama yake. Aliyetengwa hasalimiwi, haombi kaa la moto kwa jirani, wala mashine haimsagii. Elia naye akaogopa kutengwa, akasema hakuona kitu. Kalisti akaenda kikaoni na simu yake.

"Wazee wangu, angalieni wenyewe. Mtaona ni mabua."

Luhende akageuza uso. "Sisi hatuangalii maiti."

Minza, mke wa Luhende, alimvizia Kalisti njiani. "Baba, hata mimi najua ni mabua. Lakini nikiangalia, kesho natengwa mimi."

Theopista akakonda. Masika yaliyofuata homa ikamchukua. Kalisti akapita nyumba kwa nyumba kutafuta wa kuchimba kaburi. Luhende alisimama mlangoni kwake, hakutukana, hakupaza sauti.

"Mama yako tulimwona anaungua. Hatukai msiba wa mtu mmoja mara mbili."

Tulimzika sisi: Kalisti, mimi, na Silvesta, katekista. Kalisti alichimba, mvua inajaza. Hakulia. Yule wa sauti zote bandani hakutoa hata moja.

Sasa yuko Kashaulili anachaji simu za watu. Sinema ameimaliza. Kuna pale Theopista amekufa kitandani, halafu picha ikikaribia kukatika anafumbua jicho moja, anacheka. Kalisti hataki kukiondoa kipande hicho. Hakuna aliyekiona ila sisi wawili.

"Yule Mhindi naye sinema yake ya kwanza waliikataa," aliniambia juzi. "Lakini yeye waliikataa wakiwa wameiona."

Basi nimeandika. Sasa wewe Happiness, na wewe unayesoma, njoo Kashaulili, uliza anapochajisha simu Kalisti. Kaa uiangalie mpaka mwisho. Halafu panda gari uende ukasimame mbele ya Luhende, umwambie nimeona, ni mabua. Ukitengwa, tengwa. Mimi walishanitenga kwa kumzika mdogo wangu, na bado nakula. Najua hutaenda. Nenda.