Freni

Miaka ile nilikuwa nafundisha darasa la sita hapa Kindu, na nilikuwa nimechoka. Mama alikuwa amepooza upande mmoja. Kila alfajiri nilimwosha, nikamlisha uji, ndipo nikashika njia ya shule. Tukaambiwa mkaguzi anakuja. Mwalimu asiyempendeza alihamishwa, Kalima au mbali zaidi, na mama hakuwa na mtu mwingine. Sikuwa na jambo jingine kichwani.

Somo lilikuwa miti ya dunia. Tulikuwa tumeamriwa kubadili majina na mavazi, na kuitana Citoyen, yaani mwananchi, badala ya Bwana, tuwe Wazaire kamili, lakini kitabu kilikuwa kilekile cha Wabelgiji, na mchwa walishakula kurasa za picha. Nikawasomea watoto, wakaandika kwa kusikia jina la mti na mahali unapoota: frêne, Ulaya, Asia, Amerika ya Kaskazini. Chêne, vilevile. Mimi mwenyewe sijaiona miti hiyo hata leo. Na midomoni mwetu frêne ilikuwa freni tu, sawa na freni ile nyingine, breki ya kusimamisha treni.

Msichana mmoja, mtoto wa mfanyakazi wa reli, akainuka.

"Mwalimu, freni njo ule muti wanaweka chini ya gurudumu, wagon isitembee?"

Nilikuwa nasinzia nimesimama. Nikamjibu, "Ee, njo ule. Andika."

Kesho yake mkaguzi akaingia, suti yake ya abakosi, ile isiyo na tai, imenyooshwa vizuri. Akauliza frêne inapatikana wapi. Mkono wa yule msichana ulikuwa wa kwanza kwenda juu.

"Iko Ulaya, iko Asia, iko Amerika, Citoyen. Na hapa Kindu iko mingi, kule gare ya treni. Baba yangu njo anaichonga."

Wenzake wakatikisa kichwa kukubali. Mkaguzi hakucheka.

"Nani alikufundisha hivi?"

Msichana akanitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini woga lazima aliuona. Nilitaka kusema ni mimi. Nikamfikiria mama kitandani, nikainamia kitabu.

"Hakuna muntu, Citoyen," akasema. "Mimi njo nilikosea."

Mkaguzi akaniagiza nimwadhibu. Nikampigisha magoti mbele ya ubao, mikono juu, na ili nionekane mwalimu mkali nikamwambia siku nyingine afungue masikio. Alikaa vile hadi kengele. Mkaguzi akaandika kwenye karatasi yake kwamba darasa langu lina nidhamu.

Sikuhamishwa. Mama alifia nyumbani kwake, mikononi mwangu, na kwa hilo nashukuru. Msichana alimaliza mwaka akinisalimu kila asubuhi, "Jambo, Mwalimu," kwa heshima ileile. Nami kila asubuhi nilimwitikia, nikafungua kitabu, na sikumwomba msamaha.