Ngoma ya Mapajani

Husemwa kwamba ngoma ya kilumi ilijifia yenyewe. Uongo. Mimi niliipiga, na nilijua ni nani waliotaka inyamaze.

Ni ngoma ndefu, yenye ngozi upande mmoja. Upande wa pili uko wazi. Kwetu, karibu na Tawa, wapigaji walikuwa wanawake. Unaketi kwenye kigoda, unaibana kwa mapaja, unaiinamisha ili mdomo wa chini uachane na ardhi. Ukiisimamisha wima, sauti inaziba. Susu, nyanya yangu mzaa baba, alinifundisha nyuma ya ghala mama akiwa kanisani. Mama alikuwa ameokoka, na kwake kilumi ilikuwa ya mapepo.

Miaka ya themanini shule yetu ikaingia mashindano ya nyimbo za kienyeji. Mwalimu akaazima ngoma ya susu, akanichagua mimi, kwa sharti moja.

"Utaisimamisha sakafuni, upige ukiwa umesimama. Mchungaji atakuwa mbele. Msichana hapanui miguu hadharani."

"Basi aipige mchungaji," susu akasema nilipomweleza. "Si yeye ana suruali?"

Mama hakucheka. "Ukiibana mapajani mbele ya watu wa kanisa, usirudi kulala kwangu. Umenisikia?"

"Nimesikia, mwaitu," nikamjibu mama kwa Kikamba.

Siku ilipofika niliisimamisha nilivyoagizwa, nikapiga. Ikalia kama debe lililojaa mahindi. Wenzangu waliokuwa wakicheza wakapotezana hatua. Mtoto wa shule nyingine akapaza sauti: "Hiyo ni ngoma ama ni kinu?"

Ukumbi mzima ukacheka. Nikamwona susu mstari wa nyuma, ameangalia chini. Kicheko hicho sikukikubali. Nikavuta kiti cha mwalimu, nikaketi, nikaiingiza ngoma mapajani. Sketi ikapanda. Watu wakaguna.

Mama akainuka katikati ya kina mama wa kanisa, akaja moja kwa moja hadi jukwaani. Kila mtu alijua anakuja kuniteremsha. Hata mimi. Nikaibana ngoma kwa nguvu zaidi.

Akafungua leso kiunoni mwake, akanifunika magoti, akakaza fundo mpaka nikaumia.

"Umeshaanza," akanong'ona kwa Kikamba. "Sasa piga vizuri. Usinitie aibu mara mbili."

Nikapiga. Safari hii sauti ilitoka chini, ikapita kwenye miguu ya viti, na wale waliocheka wakaacha. Mstari wa nyuma, susu alikuwa amesimama, mabega yakicheza kwa mdundo.

Hatukupata kikombe. Lakini nililala nyumbani.

Jumapili iliyofuata mama aliondolewa kwenye kwaya, akaambiwa akae benchi la nyuma mpaka atubu. Hakutubu. Nilihamia huko nikae naye. Kwaya ilipoanza kuimba, nilitazama vidole vyake vikigonga mbao polepole, na mapigo yale hayakuwa ya kwaya.